Moto wa nyika na makazi: sheria ndogo ziangalie nyumba kabla ya kumsaka mchomaji

Na Mwandishi Wetu

Katika mikoa inayopata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, kuanzia Nyanda za Juu Kusini hadi kanda za kati na magharibi, miezi ya Juni hadi Oktoba ni kipindi cha hadhari. Mvua zimekatika, nyasi zimekauka, mashamba yanaandaliwa kwa msimu mpya na upepo wa kusi unavuma. Ni katika miezi hiyo ambapo viongozi wa wilaya, maofisa wa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hurudia agizo linalofahamika kwa kila mwananchi: ni marufuku kuchoma moto ovyo.

Agizo hilo ni la lazima na lina msingi wa kisheria. Hata hivyo, linajibu swali moja tu kati ya mawili yanayomhusu mwenye nyumba. Linamtafuta aliyewasha moto, lakini halisemi chochote kuhusu hali ya nyumba itakayofikiwa na moto huo. Kwa familia ambayo paa lake limeanza kufuka moshi saa nane mchana, jina la mchomaji halina msaada wowote wakati huo. Kinachoamua kama nyumba itabaki au itateketea ni mambo yaliyofanyika wiki na miezi kabla: nyasi zilizofyekwa au kuachwa, kuni zilizopangwa ukutani au mbali na ukuta, miti iliyopandwa karibu na dirisha au iliyoachiwa nafasi.

Kwa sababu hiyo, mamlaka za serikali za mitaa zinapopitia sheria ndogo zinazohusu mazingira na usalama wa raia, kuna haja ya kuongeza upande huu wa pili. Sheria ndogo inayokataza uchomaji bila kuweka masharti ya mazingira ya nyumba imefanya nusu ya kazi yake.

Jinsi nyumba inavyoshika moto

Wengi hudhani kwamba moto wa nyika huiteketeza nyumba kwa kuivamia kama wimbi, miali ikiwa mirefu kuliko paa. Hali hiyo hutokea, lakini si njia pekee, wala si ile inayosababisha hasara nyingi zaidi. Nyumba hushika moto kwa njia tatu: miali kugusa jengo moja kwa moja, joto kali linalotoka kwenye moto ulio jirani, na cheche zinazobebwa na upepo.

Cheche ndizo adui mkubwa. Upepo mkali unaweza kuzipeleka mbele ya moto kwa umbali unaozidi kilomita moja, zikavuka barabara, mto na hata njia ya kuzuia moto iliyolimwa vizuri. Zinapotua juu ya ardhi tupu huzimika. Zinapotua juu ya paa la nyasi, rundo la mabua, kuni zilizoegemezwa ukutani, majani makavu yaliyojaa kwenye mfereji wa bati au kupenya kwenye mwanya ulio kati ya ukuta na paa, huanzisha moto mpya. Ndiyo maana baada ya mioto mikubwa duniani, wachunguzi wamekuwa wakikuta nyumba zimebaki majivu huku miti iliyozizunguka ikiwa bado na majani mabichi. Moto haukupita kwenye miti hiyo. Nyumba ziliwashwa na cheche, kisha nyumba moja ikaiwasha nyingine.

Kuhusu joto, mtafiti Jack Cohen wa Idara ya Misitu ya Marekani na wenzake walifanya majaribio katika msitu wa Kaskazini Magharibi mwa Canada mwishoni mwa miaka ya 1990. Waliweka kuta za mbao katika umbali tofauti kutoka kwenye msitu, kisha wakauwasha msitu huo. Ukuta uliokuwa mita 10 ulishika moto katika baadhi ya majaribio. Uliokuwa mita 30 haukushika. Fundisho lake ni la matumaini: hakuna haja ya kufyeka msitu mzima ili kuokoa nyumba. Eneo linaloamua hatima ya nyumba ni dogo, nalo kwa kawaida limo ndani ya uwezo wa mwenye nyumba na majirani zake.

Neno "majirani" lina uzito wake hapa. Nyumba inayoungua huwa chanzo cha cheche na joto kwa nyumba ya pili. Mwananchi anaweza kusafisha ua wake kwa uangalifu, lakini nyumba yake ikaponzwa na ghala la mabua la jirani aliyepuuza. Hatari inayovuka mpaka wa kiwanja haiwezi kuachiwa hiari ya mtu mmoja mmoja, na ndiyo sababu ya msingi ya kuiwekea sheria.

Sheria zilizopo na pengo lake

Tanzania haikosi sheria za moto. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inadhibiti uchomaji wa uoto na kuweka wajibu kwa anayetaka kutumia moto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ardhi, maji na viumbe dhidi ya uharibifu, ukiwemo wa moto. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, pamoja na kanuni zake, ndiyo inayoongoza ukaguzi wa majengo na utoaji wa vyeti vya usalama dhidi ya moto. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka mfumo wa kamati zinazoshuka kutoka ngazi ya taifa hadi kijijini.

Zikisomwa pamoja, sheria hizi zinaonesha mgawanyo unaoeleweka. Sheria za misitu na mazingira zinaangalia moto ukiwa porini. Ukaguzi wa zimamoto kwa kiasi kikubwa unaangalia majengo ya biashara, viwanda, hoteli, shule na maghorofa, ambako hatari inayofikiriwa ni moto unaoanzia ndani: hitilafu ya umeme, jiko la gesi, kemikali. Sheria ya maafa inaangalia utayari na mwitikio. Katikati ya hizo ipo nyumba ya kawaida ya familia iliyo pembezoni mwa msitu, shamba la miti au mbuga ya nyasi. Hiyo ndiyo nyumba inayoweza kuunguzwa na moto kutoka nje, nayo ndiyo isiyo na masharti mahususi ya kuikinga.

Pengo hilo linazidi kuwa na uzito kadiri makazi na miti vinavyosogeleana. Katika wilaya za Mufindi, Kilolo, Njombe na Makete, upandaji wa misindano na mikaratusi umekuwa chanzo kikubwa cha kipato cha kaya. Mufindi ndiko liliko shamba la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali, na pembeni yake wananchi wengi wamepanda miti yao wenyewe. Mafanikio hayo yamekuja na sura mpya ya hatari: vitalu vya miti vinavyofika hadi ukutani mwa nyumba, shule au zahanati. Majani makavu ya msindano hushika moto haraka, na magome ya mkaratusi yanayobanduka hupeperuka yakiwa yanawaka.

Uzoefu wa nchi yetu unaonesha pia kwamba kuutegemea uzimaji pekee ni hesabu isiyokamilika. Moto uliozuka Mlima Kilimanjaro tarehe 11 Oktoba 2020 uliunguza takribani kilomita za mraba 95 ndani ya hifadhi, ingawa mamia ya watu, wakiwemo askari, wanafunzi na wananchi wa vijiji vya jirani, walijitokeza kuuzima. Hilo lilikuwa eneo lenye mamlaka kamili ya usimamizi, na macho ya taifa zima yalikuwa yameelekezwa huko. Kijiji kilicho kilomita nyingi kutoka kituo cha zimamoto, chenye barabara ya vumbi na kisima kimoja, hakiwezi kujengea usalama wake juu ya gari litakalofika baada ya paa kuanguka.

Mwenzako akinyolewa

Nchi zilizokumbwa na misiba mikubwa zimeshalifanyia kazi suala hili, na uzoefu wao una mafunzo ya aina mbili: yaliyofanikiwa na yaliyochelewa.

Jimbo la California nchini Marekani lilianza mwaka 2008 kutumia masharti maalumu ya ujenzi kwa nyumba mpya katika maeneo yaliyotengwa kuwa ya hatari ya moto wa nyika. Masharti hayo yanahusu mapaa yasiyoshika moto, matundu ya hewa yenye wavu wa kuzuia cheche, kuta na madirisha yanayostahimili joto. Miaka kumi baadaye, Novemba 2018, moto uliopewa jina la Camp uliuteketeza mji wa Paradise, ukaua watu 85 na kuharibu majengo zaidi ya 18,000. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 na magazeti ya McClatchy ulilinganisha nyumba zilizokuwa katika njia ya moto huo. Kati ya zilizojengwa kabla ya masharti hayo, takribani asilimia 18 tu zilibaki bila madhara. Kati ya zilizojengwa baadaye, zilizobaki salama zilikuwa takribani asilimia 51.

Takwimu hizo zinapaswa kusomwa kwa pande zote mbili. Sheria iliongeza nafasi ya nyumba kubaki kwa kiwango kikubwa, lakini karibu nusu ya nyumba mpya nazo ziliharibika, kwa kuwa zilizungukwa na nyumba za zamani ambazo sheria haikuzigusa. Kanuni inayohusu majengo mapya pekee huwaacha wakazi walio wengi bila ulinzi kwa kipindi cha kizazi kizima.

Upande wa kuchelewa, jimbo hilohilo lilipitisha mwaka 2020 sheria ya kuanzisha ukanda wa mita 1.5 kuzunguka nyumba, yaani takribani hatua mbili za mtu mzima, usiokuwa na kitu chochote kinachowaka kwa urahisi. Kanuni za utekelezaji zilitakiwa ziwe tayari mwanzoni mwa mwaka 2023. Hazikuwa tayari. Januari 2025 moto wa Palisades na wa Eaton uliharibu majengo zaidi ya 16,000 katika eneo la Los Angeles, na mwezi uliofuata gavana wa jimbo akalazimika kutoa amri ya kuharakisha kanuni hizo. Sheria nzuri iliyobaki kwenye karatasi haikuwa na uwezo wa kuondoa hata rundo moja la majani makavu.

Nchini Australia, moto wa tarehe 7 Februari 2009 katika jimbo la Victoria uliua watu 173 na kuteketeza nyumba zaidi ya 2,000. Kiwango cha kitaifa cha ujenzi katika maeneo ya moto wa nyika kilirekebishwa mwaka huohuo. Kinapima kila kiwanja kwa kuangalia aina ya uoto, umbali wake na mteremko wa ardhi, kisha kinaweka masharti kulingana na kiwango cha hatari. Busara yake ni kwamba hakimtwishi mkazi wa eneo salama mzigo wa mkazi wa eneo hatari.

Mji wa Lahaina huko Hawaii, ulioungua Agosti 2023 na kupoteza watu zaidi ya 100, unatugusa kwa namna ya pekee. Mashamba ya zamani ya miwa yaliyoachwa bila kulimwa yalikuwa yamefunikwa na nyasi za kigeni, na baadhi ya nyasi hizo asili yake ni Afrika. Kilichouhatarisha mji huo ni ardhi iliyoachwa bila mwangalizi, jambo linaloweza kutokea katika kata yoyote yenye mashamba pori.

Mambo yanayoweza kuwekwa katika sheria ndogo

Kanuni za California au Australia haziwezi kuhamishwa zilivyo hadi kijiji cha Makete au Tunduru. Gharama ni tofauti, vifaa vya ujenzi ni tofauti na mfumo wa ardhi ni tofauti. Kinachohamishika ni kanuni ya msingi: ondoa vitu vinavyowaka karibu na nyumba, ziba njia za cheche, na tenganisha miti na makazi. Masharti yafuatayo yako ndani ya uwezo wa kaya nyingi.

Kwanza, ukanda safi wa angalau hatua mbili kuzunguka kila nyumba wakati wa kiangazi, ukiwa ni udongo uliofagiliwa, changarawe au zege. Desturi ya kufagia kiwanja kila asubuhi tayari ipo katika jamii zetu; sheria ingeipa tu jina na mpaka.

Pili, kuni, mkaa, mabua, nyasi za kuezekea na lishe ya mifugo viwekwe mbali na ukuta wa nyumba ya kulala, na majivu ya jikoni yamwagiwe maji kabla ya kutupwa.

Tatu, nyasi zifyekwe na matawi ya chini ya miti yapogolewe katika eneo pana zaidi kuzunguka makazi, hadi mita 30 pale kiwanja kinaporuhusu, na zaidi kwenye mteremko kwa kuwa moto hupanda mlima kwa kasi.

Nne, vitalu vipya vya miti vipandwe kwa umbali uliowekwa kutoka kwenye nyumba, shule, zahanati na nguzo za umeme, na mwenye shamba awe na wajibu wa kusafisha njia za kuzuia moto kabla ya mwezi Juni kila mwaka.

Tano, nyumba mpya za bati zizibwe mianya kati ya ukuta na paa, au iwekewe wavu wa chuma wenye matundu madogo unaopitisha hewa na kuzuia cheche.

Sita, kila kitongoji kiwe na njia mbili za kutokea, eneo la wazi la kukusanyika na orodha ya wazee, wagonjwa na watu wenye ulemavu wanaohitaji kusaidiwa kuondoka.

Haki katika utekelezaji

Masharti haya yana gharama, na gharama hiyo haiwaangukii watu wote kwa usawa. Mjane mwenye nyumba ya nyasi hawezi kuambiwa aezeke bati ndani ya siku 30 kisha atozwe faini anaposhindwa. Sheria inayomwadhibu mtu kwa umaskini wake haitapata ushirikiano, na bila ushirikiano hakuna ukaguzi utakaofanikiwa. Kwa nyumba za aina hiyo njia inayofaa ni kuanza na yasiyo na gharama, yaani kufagia, kuhamisha kuni na kufyeka, huku halmashauri zikitumia nguvu kazi ya pamoja na mifuko ya maendeleo kuwasaidia wasiojiweza. Adhabu ibaki kwa anayeweza kutimiza wajibu na akakataa, hususan mwenye shamba kubwa asiyesafisha mpaka wake.

Mwenye shamba la miti naye ana hoja yake. Kuacha ukanda usiopandwa ni kupoteza sehemu ya mavuno. Hata hivyo, ukanda huohuo ndio unaoilinda miti iliyobaki dhidi ya moto unaoanzia jikoni kwa jirani. Aidha, unaweza kutumika kwa mazao yasiyoshika moto kwa urahisi, kama mboga na viazi vinavyomwagiliwa wakati wa kiangazi.

Jambo la tatu ni matumizi halali ya moto. Wakulima, wafugaji na warina asali wametumia moto kwa vizazi vingi, na uchomaji wa mapema unaofanyika nyasi zikiwa bado na unyevu hupunguza ukali wa moto wa mwishoni mwa kiangazi. Marufuku ya jumla isiyo na mlango wa kibali humfanya mtu awashe moto kwa siri na kukimbia, badala ya kuuwasha mbele ya majirani na kuusimamia hadi uzimike. Sheria ndogo nzuri inatakiwa itaje nani anatoa kibali, kwa saa zipi, kwa idadi gani ya watu wa kusimamia, na ni lini vibali vinasitishwa kwa sababu ya upepo.

Nafasi ya mwananchi

Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zinazipa halmashauri mamlaka ya kutunga sheria ndogo, ambazo huidhinishwa na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Halmashauri ya kijiji nayo inaweza kutunga sheria ndogo zake, zikajadiliwa na wananchi katika mkutano mkuu wa kijiji na kupelekwa halmashauri ya wilaya kwa idhini. Hii ina maana kwamba marekebisho hayana sababu ya kusubiri Bunge. Yanaweza kuanza kwa ajenda moja katika mkutano wa kijiji, ikiletwa na mwenyekiti, mtendaji au mwananchi yeyote anayeishi jirani na shamba la miti.

Kinachohitaji kuzingatiwa ni kalenda. Sheria inayojadiliwa Septemba, moshi ukiwa tayari angani, hujadiliwa kwa hasira na kutekelezwa kwa haraka isiyo na matokeo. Inayojadiliwa mvua zikiwa zinanyesha huwapa wananchi muda wa kupima umbali, kukubaliana kuhusu mipaka na kufyeka kabla ya nyasi kukauka. Ofisi za TFS na vituo vya Zimamoto vilivyo karibu vinaweza kuombwa ushauri wa kitaalamu katika hatua hiyo, na kamati za maafa za kijiji na kata zinaweza kupewa jukumu la ukaguzi wa kila mwaka.

Moto ukitokea, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na wajibu wa kwanza wa kila mtu ni kuokoa maisha kabla ya mali. Lakini kipimo cha sheria ndogo iliyo bora kitakuwa idadi ya nyumba ambazo moto ulizifikia, haukukuta kitu cha kuwasha, ukapita.